Basic Pitch kwa milio ya simu: honi ya basi inatoka freshi, mvua ya bati sahau

Naanza na majibu kwa wenye haraka. Kama sauti unayotaka iwe mlio wa simu unaweza kuiiga kwa mluzi, Basic Pitch, programu inayosikiliza rekodi na kuigeuza kuwa nota, itakuandikia faili la MIDI (maagizo ya nota ambayo simu inayapiga yenyewe) bure na utafurahi. Kama huwezi kuipigia mluzi, yaani mvua, injini, kishindo, watu wanashangilia, usihangaike nayo, kuna njia nyingine nitaisema huko chini. Wengine wote tuendelee maana hapa katikati ndo kuna utamu wenyewe.

Najua kuna mtu atauliza MIDI ya nini siku hizi wakati MP3 zipo. Swali zuri ila mi bado nina Nokia 6600, ile ya 2003, na haikuja na kicheza MP3, mlio inaoutaka ni MIDI au WAV au AMR basi. Sasa WAV piga hesabu: sekunde 10 tu za rekodi ya kawaida, sampuli 44,100 za sauti kwa sekunde, biti 16, chaneli moja (mono), ni kama KB 880, na simu yenyewe memori ya ndani ni MB 6. MIDI ya sekunde hizo hizo inakaa kwenye KB mbili tatu, ikizidi sana tano. Ukiacha hiyo kuna vitochi kibao bado vinaishi na milio ya MIDI, na hata Android mpaka leo ina kinanda chake kidogo ndani kinachosoma MIDI, ukiweka faili la .mid kwenye folda ya Ringtones linatokea kwenye orodha kama kawaida. Halafu tuseme ukweli, ule mlio wa kizamani wa vidude vidude unapasua kelele za stendi kuliko wimbo wa MP3 uliojaa besi ambayo spika ya kitochi haiwezi kuitoa hata ukiibembeleza.

Kitu cha kuelewa kwanza, maana hapa ndo watu wengi wanakwama alafu wanalaumu programu: faili la MIDI halina sauti ndani yake. Halina kabisa. Ni maagizo tu, piga nota namba fulani, kwa nguvu hii, kwa muda huu, kwa chombo hiki. Namba ni kuanzia 0 hadi 127, ile ya 69 ni toni ya 440 Hz, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, na ukipanda 12 unapata toni ile ile ikitetemeka mara mbili ya kasi. Mambo haya yapo tangu 1983 yalipoanza kwa ajili ya kuunganisha vinanda vya kampuni tofauti. Anayepiga hiyo sauti ni simu yako kwa vyombo vyake, ndo maana faili moja linalia vizuri kwenye 6600 alafu kwenye kitochi cha mchina linalia kama limepata mafua. Kwa hiyo hii sio kama kugeuza WAV kuwa MP3 ambapo sauti inabaki ile ile imebanwa tu. Hapa programu inabidi isikilize, ikisie ni toni zipi zimelia, iandike. Inakisia. Hilo neno likae kichwani.

Haya, Basic Pitch. Imetengenezwa na watu wa Spotify, ikatoka 2022, ni bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuuona. Ukiwa na kompyuta na unajua lugha ya programu ya Python unaiingiza kule, ila mi nawashauri tumieni ile ya kwenye braoza, unafungua ukurasa, unaburuta faili lako (MP3, WAV, OGG, FLAC, M4A zote inapokea), inafikiri kidogo, inakuchorea nota kwenye skrini, unasikiliza, unadaunlodi MIDI. Hakuna kujisajili wala namba ya kadi wala lile tangazo la kijana anayetaka kukufundisha foreksi. Kazi inafanyika humo humo kwenye braoza yako, na ubongo wake ni mdogo sana, namba za ndani inazokisia nazo (parameta) hazifiki 17,000, kitu ambacho kwa programu za siku hizi ni kama mzaha, kwa hiyo hata laptopu ya zamani inaimudu na bando halifi.

Pembeni kuna vitufe vya kurekebisha na hivi ndo vinatenganisha mlio wa maana na takataka. Kuna cha kuamua nota zikatwe vipande vipande au ziunganishwe, kuna cha kiwango cha uhakika (ukikipandisha inaandika zile tu ilizo na hakika nazo), kuna toni ya chini kabisa na ya juu kabisa, na kuna urefu mdogo wa nota. Mi cha kwanza kugusa huwa ni toni ya juu na ya chini. Sauti zetu za mtaani zimejaa makorokoro, feni, pikipiki ya mbali, mtu anakohoa, ukibana kile kidirisha cha toni unayafungia nje mengi kabla hujaanza kufuta moja moja kwa mkono.

Tuje kwenye majaribio sasa. Honi ya basi la mkoani, zile za upepo zenye midomo kadhaa. Hii ndo mfalme. Kila mdomo wa honi unatoa toni yake imetulia, haipindi, haitetemeki sana, na programu hii inaweza kusikia toni kadhaa kwa wakati mmoja, kwa hiyo unapata kodi nzima ya honi (toni zake zote kwa pamoja) imeandikwa, unaibadilishia chombo tu inakuwa basi limeingia stendi. Chombo cha kuwekea hapa ni matarumbeta, kwenye orodha ya kawaida ya vyombo 128 ambayo simu karibu zote zinaifuata ni namba 62, kundi la shaba. Usiache kile kinanda inachokupa yenyewe maana honi ya basi ikipigwa kwa kinanda inakuwa honi ya kanisani.

Angalizo moja tu kwenye kodi. Simu za mwanzo mwanzo za polifoniki zilimudu sauti 4 kwa mpigo, 6600 inamudu 24. Kama honi yako imeandikwa na toni 7 (programu mara nyingi inaandika na mwangwi wa juu wa toni zile zile, yaani vitoni vidogo vinavyolia juu ya toni kuu) simu ya sauti 4 itachagua yenyewe ipi iue na haitakuuliza. Futa zile hafifu wewe mwenyewe, acha tatu nne nene, mlio unakuwa msafi na mkali zaidi.

Jogoo. Aisee jogoo ana mambo. Kuwika kwake kuna kupanda, kushikilia, alafu kuporomoka mwishoni, na huko kuporomoka ndo kunamfanya awe jogoo. Basic Pitch inajua kuandika kupinda kwa toni, sio ile nota iliyonyooka tu, na hii ndo sifa inayoiweka juu ya vigeuzi vingi vya bure. Lakini MIDI yenyewe ina tabia mbili za kuzijua. Kwanza kupinda kwa kawaida kunafika nusu toni 2 juu na 2 chini, jogoo anaporomoka zaidi ya hapo, kwa hiyo inabidi akatwe nota kadhaa zinazopokezana na masikio yanasikia ngazi. Pili, agizo la kupinda linashika chaneli nzima (njia ya chombo kimoja ndani ya faili), sio nota moja, kwa hiyo kama jogoo na kuku mwenzake wamelia pamoja kwenye chaneli moja ukimpinda mmoja na mwingine anapinda. Kwa wale wa Python kuna chaguo la kuweka kila toni kwenye chaneli yake, wa kwenye braoza rekodini jogoo mmoja akiwa peke yake, alfajiri, kabla bodaboda hazijaamka. Chombo kilichonikosha ni obo, namba 69, ina kale ka ukali ka puani. Klarineti pia inaenda ila inampa jogoo heshima asiyostahili.

Na rekodi yenyewe jamani. Voisi noti ya WhatsApp imeshabanwa na simu imeshajaribu kusafisha kelele, na huko kusafisha huwa inakula mikia ya sauti. Tumieni programu ya kurekodi yenye WAV, mkae karibu na kinacholia, mkate mwanzo na mwisho kwenye Audacity ambayo nayo ni bure. Rekodi ya chaneli moja inatosha, Basic Pitch yenyewe inashusha kila kitu kuwa chaneli moja ya sampuli 22,050 kwa sekunde kabla ya kuanza kusikiliza, kwa hiyo ukimpelekea stereo ya kifahari unajichosha tu.

Sasa hii ndo niliyoitaka sana kuliko zote: muuza kahawa. Waliokulia pwani wanaijua, yule jamaa na birika lake la mkaa, mkono mmoja ana vikombe viwili vitatu vya kauri anavigonganisha kwenye viganja, ting-ting, tiki-ting, tiki-ting, unasikia kabla hujamuona na kila mmoja ana mapigo yake, kuna wanaokimbiza na kuna wanaovuta. Ukiipeleka hiyo inatoka kitu cha ajabu. Kikombe kikigongwa hakitoi toni moja na mwangwi wake uliopangika kama gitaa, kinatoa toni kadhaa zisizohusiana, kila moja na njia yake, kwa hiyo unaandikiwa kodi ambayo hakuna mpiga kinanda angeipiga akiwa na akili timamu. Halafu kingine, Basic Pitch inasikiliza ndani ya funguo 88 za piano tu, kuanzia 27.5 Hz hadi karibu 4,186 Hz, na ule mng'ao wa kauri mwingi uko juu ya hapo. Haujasikiwa kabisa. Sio hitilafu, imepangwa hivyo kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya vyombo vya muziki na sauti za waimbaji, sio vikombe.

Ila usitupe hilo faili! Toni zake ni uchafu lakini muda wake ni dhahabu. Kila pigo liko pale pale mzee alipogonga, kuchelewa kidogo kwa lile la tatu, kukazana kwa mawili ya mwisho, vyote vimo, na huo ndo uhai wa mlio, kitu ambacho ukikaa kuandika kwa mkono kwenye gridi utapata kikombe cha roboti. Nilichofanya ni kulifungua kwenye Signal, hiki ni kihariri cha MIDI cha bure kinachofunguka kwenye braoza, nikafuta toni zote kwenye kila pigo nikabakisha moja moja, nikahamisha zote kwenda chaneli ya 10. Chaneli ya 10 ni ya ngoma, na huko namba ya nota sio toni tena, ni kifaa: 80 ni pembetatu iliyoshikwa, 81 ni pembetatu iliyoachwa ilie. Mapigo makavu nikayapa 80, yale yanayolia nikayapa 81. Kwenye 6600 inatoka muuza kahawa kabisa, mdogo kidogo, wa plastiki kidogo, ila ni yeye, mapigo yake ni yale yale.

Msitumie MuseScore kwa kazi hii. Ni programu nzuri sana na naipenda kwa nota za karatasini, lakini ikifungua MIDI inazinyoosha zikae kwenye mistari ya muziki, na ule uchelewaji wa lile pigo la tatu ndo unaenda hivyo.

Mvua kwenye bati nitasema kwa kifupi kwa sababu hakuna cha kusema. Mvua ni kelele, toni zote kwa pamoja, hakuna iliyoshika usukani, kwa hiyo programu yoyote ya aina hii itakurudishia vumbi la nota zilizotapakaa kila mahali, na ukipandisha kiwango cha uhakika vumbi linapungua mpaka ukurasa unabaki mweupe. Kwa wanaotaka kelele tu kuna ujanja: ile orodha ya vyombo 128 mwishoni kabisa ina sauti za kuiga, 123 ni mawimbi ya ufukweni, 124 ndege, 125 simu ya mezani, 126 helikopta, 127 makofi, 128 risasi. Weka nota moja ndefu kwenye 123 na umepata kitu cha jamii ya mvua bila kurekodi chochote. Ya 128 usiiweke ukiwa unapita benki.

Mbadala zipo. Kwa sauti inayotoa toni moja moja, mluzi, filimbi, ndege mmoja, Sonic Visualiser na kiongezi chake cha pYIN ni makini kuliko Basic Pitch kwenye kufuata mstari mmoja, ni bure vilevile, tena inakuonyesha spektrogramu yaani picha ya sauti, unajua kabisa pa kukata toni ya juu. Shida yake sura ni ya maabara na mgeni anaweza kukimbia. Kwa wenye hela kuna Ableton Live, toleo la Standard na Suite, tangu la 9 la 2013 inageuza sauti kuwa MIDI kwa njia tatu na moja ni ya ngoma, hiyo ya ngoma kwa vikombe na hodi ni tamu kinoma maana inatafuta mapigo badala ya toni. Melodyne nayo ni hatari. Lakini kununua programu ya studio kwa ajili ya mlio wa simu, hapana wakuu, labda kama tayari unatengeneza biti.

Sasa onyo. Kuna site moja ya kugeuza, jina naliacha, nimelipa na nikapewa faili linaitwa .mid zuri tu, 6600 ikalikataa, Android ikalikubali na sauti ikatoka kama rekodi halisi, jogoo mzima mwenye manyoya. Hapo ndo ujue kuna kitu, MIDI haiwezi kulia kama rekodi. Nikalifungua kwenye kihariri cha maandishi cha kawaida, herufi za kwanza ni ID3. Faili la kweli la MIDI linaanza na herufi MThd, kila mara, hakuna ujanja. Yani wamechukua MP3 wakalibadilisha jina la mwisho. Hela haikurudi na meseji zangu mpaka leo hazijajibiwa. Kabla hujamlipa mtu yeyote, awe site au kijana wa dukani anayeingiza milio, fungua faili uangalie hizo herufi nne, ni sekunde tu.

Kupeleka kwenye simu ni rahisi. Nokia za zamani zenye Bluetooth faili linaingia kama meseji, unafungua, unalihifadhi, unaenda kuchagua kwenye profaili. Vitochi vyenye memori kadi weka kwenye kadi. Hakikisha faili lako la MIDI ni aina ya 0 (maagizo yote kwenye mstari mmoja) au ya 1 (mistari kadhaa), ya 0 ni salama zaidi kwa vikongwe. Zile Samsung na LG za kukunja za zamani nyingi zilikuwa na mfumo wa Yamaha, faili zake ni .mmf, huko inabidi ugeuze tena, alafu wale ndo walikuwa na bahati maana .mmf inaweza kubeba na kipande cha rekodi halisi ndani. iPhone hawataki MIDI kwenye mlio, poleni.

Nimalizie na mlio ambao haukuhitaji kigeuzi hata kidogo ila nauweka kwa sababu watu wanaupenda: hodi. Mlango wa mbao ukigongwa hauna toni ya kushika, Basic Pitch inapata mapigo ila yakiwa hafifu inaruka mengine, kwa hiyo mi nimeuandika kwa mkono tu kwenye Signal, chaneli ya 10, nota 77 ambayo ni kipande cha mbao cha chini, mapigo matatu, pumzi, mapigo matatu, la mwisho nguvu zaidi, alafu 76 moja ya juu kama mtu amechoka kusubiri sasa anatumia ufunguo. Faili zima halifiki hata KB moja. Uupe mtu mmoja tu kwenye majina yako, mwenye nyumba kwa mfano, usiuweke kwa watu wote maana kila ukipigiwa kuna mtu ndani ataitikia karibu na kuinuka kwenda kufungua mlango.